Dawa ya minyoo kila mwezi iliniharibia kondoo

Wafugaji wenzangu, leo tuongee kuhusu hizi dawa za minyoo maana naona wengi bado wanafanya vile nilikuwa nafanya mimi. Nafuga kondoo Kajiado, nina Dorper na wale wekundu wa Kimaasai, na nilipoanza kila mwisho wa mwezi nilikuwa napanga zizi lote nanywesha albendazoli, mkubwa kwa mdogo, mzima kwa mgonjwa. Nilikuwa najua nawapa kinga.

Sasa ikaja mvua ndefu moja, nikachelewa kununua dawa wiki kadhaa tu, wale wa miezi saba minane wakaanza kuvimba chini ya taya, ukifunua jicho kope ni jeupe kama karatasi. Nikanywesha ile ile albendazoli, wapi. Nilipoteza wanne na iliniuma sana.

Daktari wa mifugo ndio alinifungua macho. Mwili wa kondoo unajifunza kupigana na minyoo kwa kukutana nayo, anameza wale wachanga kwenye nyasi kidogo kidogo, na akifika kama miezi sita hivi kuendelea, kama anakula vizuri, anaanza kuwazuia mwenyewe. Ukimwosha tumbo kila mwezi tangu akiwa mdogo, mwili wake unapata nafasi ndogo sana ya kujifunza, anakua mkubwa kwa umbo lakini kwa minyoo bado ni mtoto. Alafu minyoo inayobaki baada ya dawa ni ile sugu, ndio inazaana, ndio maana dawa yangu iligoma.

Kuna wanaosema levamisoli, dawa nyingine ya minyoo, inapandisha kinga. Ni kweli ina historia ya kuamsha chembe za kinga, hasa kwa mnyama aliyedhoofika, lakini usiipe kama vitamini jamani, ukizidisha dozi kondoo anatoa mate, anatetemeka, anaweza kufa. Pima uzito kwanza, usikadirie kwa macho.

Siku hizi naangalia macho kila wiki mbili, mvua ikiwa nyingi kila wiki. Kuna ile kadi ya FAMACHA iliyotoka Afrika Kusini, ya kulinganisha na rangi ya ndani ya kope, ina rangi tano, moja ni jekundu zuri, tano ni jeupe kabisa. Wa nne na wa tano wananyweshwa hapo hapo, wa tatu naangalia kama ni mdogo au amekonda, wengine nawaacha. Lakini kadi inaonyesha ile minyoo ya kunyonya damu peke yake, kwa hiyo anayeharisha mpeleke kinyesi kipimwe mayai ya minyoo.

Kondoo jike akikaribia kuzaa na akinyonyesha ndio umwangalie zaidi, hapo kinga yake inashuka, anamwaga mayai mengi malishoni, yakianguliwa watoto wake ndio wanameza hao minyoo wachanga. Na albendazoli usimpe mwenye mimba changa, inaweza kuharibu mtoto tumboni.

Kitu kingine ni chakula, kinga inajengwa na protini. Mimi nawaongezea majani ya mti wa lusina na mashudu ya alizeti kwa wale wanaonyonyesha, na nimeona tofauti kubwa. Wale wekundu wenyewe hawanisumbui sana, wana uvumilivu wa minyoo kuliko Dorper, kwa hiyo dume langu la sasa ni jekundu, watoto wake wa kwanza wana miezi mitano na mpaka leo nimenywesha wawili tu.