Usinunue chupa ya pili kabla mtoto hajapimwa presha ya macho

Dada, tafadhali usiende kununua hizo chupa tatu. Umeandika kwamba mwanao wa miaka 6 anawashwa macho tangu mwaka jana, kwamba matone uliyouziwa dukani hapo Shinyanga humtuliza ndani ya siku mbili, na kwamba unataka kuweka akiba ya kutosha hadi shule zifunguliwe. Umeuliza pia kuhusu kofia, miwani ya jua, na kama maziwa yanachochea mwasho. Nitaanza na hizo chupa, kwa kuwa matone ya aina hiyo ndiyo yaliyompunguzia mwanangu uwezo wa kuona.

Ugonjwa unaoueleza unafanana kabisa na wetu. Ni mzio wa macho wa watoto, ambao kwenye maeneo ya joto na vumbi huwapata zaidi wavulana, na mara nyingi huanza kabla ya miaka 10 na kufifia wanapobalehe. Mwanangu alikuwa akifikicha macho kwa vifundo vya vidole hadi kope zinavimba, asubuhi anaamka na matongotongo yanayovutika kama uzi, na akitoka nje juani anainamisha kichwa na kufumba jicho moja. Mzazi anayemwona mtoto katika hali hiyo hununua chochote kinachompa nafuu, na muuza duka analijua hilo.

Yule aliyetuuzia alivuta droo, akatoa kichupa na kusema, "Hii ni ya aleji, mwekee kila akiwashwa." Hakuuliza umri wa mtoto wala kutaka cheti cha daktari, na kila tuliporudi alituuzia tena akitusifu kwa kufuatilia matibabu. Ndani ya kichupa hicho mlikuwa na deksamethasoni, ambayo ni steroidi, iliyochanganywa na dawa ya kuua bakteria ambayo haitibu mzio hata kidogo. Bado nina hasira naye, na nina hasira zaidi na wale waliosomea dawa, wanaojua madhara yake na bado wanaiuza kama peremende.

Steroidi hutuliza uvimbe haraka sana, na hapo ndipo mtego ulipo. Jicho hutengeneza maji ndani yake na kuyatoa kupitia njia nyembamba. Kwa baadhi ya watoto, matone hayo yakitumika kwa muda mrefu, maji hushindwa kutoka vizuri, presha ya jicho hupanda, na mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo huanza kufa, mara nyingi uoni wa pembeni ukitangulia kupotea. Mtoto hasikii maumivu. Kwa nje jicho linazidi kuwa jeupe na la kupendeza, mwalimu anasema amepona, ndugu wanakupongeza. Sisi tulianza kushtuka alipokuwa akijigonga bega kwenye fremu za milango na kushindwa kuuona mpira unaomjia kutoka kando. Presha ya kawaida ni kati ya milimita 10 na 21 za zebaki. Jicho lake la kushoto lilikuwa limepita 40. Lenzi nayo ilikuwa imeanza kuingia ukungu, yaani mtoto wa jicho, ambaye huweza kufanyiwa upasuaji. Mshipa wa fahamu uliokwisha kufa haurudishwi na upasuaji wowote.

Sisemi kwamba steroidi ni sumu. Daktari wa macho huitumia kwa muda mfupi mzio unapowaka sana, huku akipima presha na kupunguza matone hatua kwa hatua, kisha humhamishia mtoto kwenye dawa zinazofaa kwa matumizi ya muda mrefu, kama kromoglikati au olopatadini, na mzio ukiwa sugu, siklosporini. Dawa hizo huchelewa kuonyesha nguvu, hivyo usikate tamaa wiki ya kwanza. Kitambaa safi kilicholowekwa maji baridi kikiwekwa juu ya kope husaidia kuliko unavyodhani. Na kofia, ndiyo, avae yenye ukingo mpana.

Leo hii chukua kichupa ulicho nacho, usome maandishi madogo chini ya jina la biashara. Ukiona jina la dawa linaloishia na "-sone" au "-lone", jua kwamba ni steroidi. Usiiache ghafla wala usiongeze. Mpeleke mtoto wiki hii kwenye kliniki ya macho, na kwa kuwa uko Shinyanga, hospitali ya Bugando pale Mwanza ina idara ya macho. Beba kichupa chenyewe, umweleze daktari mtoto amekitumia kwa muda gani bila kupunguza hata mwezi mmoja kwa aibu, na usitoke chumbani kabla ya macho yote mawili kupimwa presha na wewe kuandikiwa namba zake kwenye daftari la kliniki.