Dodoso la sonona: je, alfa ya 0.86 inatosha?

SWALI: Sisi ni wauguzi wa kliniki ya kisukari hapa Moshi. Tumetafsiri PHQ-9, dodoso la maswali tisa la kuchuja sonona, tukawapa wagonjwa 120. Alfa ya Cronbach imetoka 0.86. Je, tuanze kulitumia kwa mpaka wa alama 10, yaani anayefikisha 10 ahesabiwe huenda ana sonona?
Muuguzi, Moshi

JIBU: Bado, ndugu muuguzi. Alfa inaonyesha kwamba maswali yenu yanakwenda pamoja. Haisemi yanapima nini. Kwa mgonjwa wa kisukari, uchovu, usingizi unaokatika kwa kuamka kukojoa na hamu ya kula iliyobadilika vinaweza kupanda pamoja kwa sababu ya sukari tu. Alfa itapendeza, sonona haimo.

Kabla ya hesabu, kaeni na wagonjwa kumi hivi, mmoja mmoja. Kila mmoja asikie swali, kisha aeleze ameelewa nini. Liangalieni hasa jibu la "zaidi ya nusu ya siku": wapo watakaodhani ni saa nyingi za siku moja. Andikeni "zaidi ya siku 7 kati ya 14". Swali la usingizi nalo limebeba mawili, kukosa na kuzidi, na msikilizaji huweza kushika la kwanza tu. Kwa mzee wa Kibosho asiyesoma, msomaji asifafanue kwa maneno yake, la sivyo kila msomaji ana dodoso lake.

Kazi yenyewe ni ulinganisho. Mgonjwa akishajibu, ndani ya siku chache asailiwe na daktari wa afya ya akili, au mtu aliyefunzwa usaili rasmi kama MINI, mahojiano mafupi ya kutambua magonjwa ya akili. Siku zisizidi, kwa kuwa dodoso linauliza wiki 2 zilizopita. Msaili asijue alama kabisa.

Kosa baya kuliko yote ni kuwasaili wenye alama za juu peke yao ili kuokoa muda. Wenye sonona waliopata alama chache hawatajulikana kamwe, na dodoso litaonekana halimkosi mtu. Wasaili wakiwa wachache, chukueni wote wa juu na baadhi ya wa chini kwa kura, kisha mtakwimu arekebishe hesabu kwa uwiano huo.

Mpaka wa 10 ulitoka kwenye utafiti wa Marekani uliochapishwa 2001: ulikamata asilimia 88 ya wenye sonona na kuwaondoa asilimia 88 ya wasio nayo. Kwenu huenda ukawa mwingine. Tuseme mna wagonjwa 300, wenye sonona 30, na dodoso lina asilimia 80 pande zote mbili. Litawapata 24 na kuwakosa 6; kati ya 270 waliobaki litawatia shaka 54. Watakaohitaji usaili ni 78, wenye sonona kati yao 24 tu. Mna mtu wa kuwasaili wote? Na mkichagua mpaka mpya, ujaribuni kwa kundi jingine, maana kwa data zilizouzaa lazima utapendeza.

Swali la tisa, la mawazo ya kufa au kujidhuru, halingoji jumla. Akijibu chochote zaidi ya "hapana kabisa", hata jumla ikiwa 3, aonwe kabla hajaondoka kliniki. Mpangeni atakayemwona kabla hamjagawa karatasi ya kwanza. Kamati ya maadili itataka kumjua mapema.