Wasomaji Wanauliza: Saa ya Baba na Wasia kwa Makumbusho

SWALI

Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu, na kwa zaidi ya miaka 30 nimekuwa nikiyatembelea makumbusho yale yale, kwanza pamoja na wanafunzi wangu na sasa peke yangu. Ningependa nitakapofariki makumbusho hayo yapate sehemu ya akiba yangu pamoja na saa ya ukutani aliyoniachia marehemu baba, kwa sharti kwamba saa hiyo ioneshwe daima. Nina watoto watatu. Niandike nini ili nia yangu itimizwe bila kuzua ugomvi?

JIBU

Mwalimu, nianze na hilo sharti, kwa sababu ndilo litakalokukwamisha. Makumbusho makubwa huonesha sehemu ndogo tu ya vitu vyake, na vilivyobaki hukaa ghalani vikitunzwa na kusubiri zamu. Kwa hiyo mhifadhi anayeahidi kwamba saa yako itakaa ukutani milele anaahidi asichoweza kukitimiza, na wengine huona heri waikatae zawadi yenyewe. Isabella Stewart Gardner wa Boston, aliyefariki mwaka 1924, aliagiza katika wasia wake kwamba mpangilio wa makumbusho aliyoyaanzisha usibadilishwe. Mwaka 1990 wezi waliiba humo kazi 13 za sanaa, na hadi leo fremu tupu zinaning'inia pale pale picha zilipokuwa. Yeye, hata hivyo, aliacha jengo zima na fedha za kuliendesha. Wewe unaacha saa moja. Andika kwamba ungependa ioneshwe kila inapowezekana, yaani liwe ombi, lisiwe sharti.

Kabla ya kwenda kwa wakili, nenda ukamwone mhifadhi. Mpelekee picha za saa, na kabla ya hapo fungua kimlango chake utazame ndani, kwani mafundi wa saa wa zamani walikuwa na mazoea ya kuacha humo tarehe za matengenezo, kwa penseli au kwa kukwaruza shaba. Ukizikuta zinakili, kisha uandike ni nani aliyeinunua, ilitundikwa wapi, na ilisimama lini. Karatasi hiyo huenda ikamfaa mhifadhi kuliko saa yenyewe, kwa kuwa saa za aina moja zaweza kuwa nyingi, lakini iliyo na historia inayojulikana ni adimu. Akikuambia kwamba hawaihitaji, usinune. Ni afadhali ulijue hilo sasa kuliko wanao waje kuambiwa hivyo wakiwa wameibeba mlangoni.

Kuhusu fedha, usitaje kiasi maalumu, kwa sababu mfumuko wa bei utakila. Taja asilimia ya kile kitakachosalia baada ya madeni na gharama za maziko kulipwa, na acha makumbusho yaamue matumizi, maana paa linalovuja halingojei mfuko wa maonesho. Sheria za nchi nyingi huwatengea warithi fungu lisiloguswa, na katika sheria ya Kiislamu wasia kwa asiye mrithi hauvuki theluthi moja ya mali bila ridhaa ya warithi; wakili atakueleza mpaka wako uko wapi. Yaandike makumbusho kwa jina lake kamili la kisheria, na shahidi wa wasia asiwe mtu anayenufaika nao. Watoto wako uwaambie mwenyewe, wote watatu kwa pamoja.

Liko jambo moja ambalo wengi hulisahau, nalo ni kusema zawadi iende wapi iwapo makumbusho yatafungwa au kuikataa. Mwanasayansi Mwingereza James Smithson, aliyefariki mwaka 1829, alimwachia mpwa wake mali, akaongeza kwamba mpwa akifa bila mtoto, mali hiyo iende Marekani, nchi ambayo Smithson hakuwahi kuikanyaga, ili ianzishwe taasisi ya kukuza na kueneza maarifa. Mpwa alifariki mwaka 1835 bila mtoto, na mwaka 1846 ikaundwa taasisi ya Smithsonian iliyoko Washington. Yote hayo yalitokana na kifungu cha akiba.

Na ikiwa mhifadhi anaitaka saa, hulazimiki kusubiri kifo. Ukiitoa ungali hai, utamwonesha kwa mkono wako jinsi inavyotiwa ufunguo.