Usimlaumu mkulima kabla hujaitia chupa kwenye friji

Chupa yangu ya kwanza ya Beaujolais-Villages, mvinyo mwekundu wa eneo la Beaujolais, Ufaransa, niliinywa ikiwa vuguvugu kama uji uliosahauliwa mezani. Ilikuwa Julai, hapa Lyon, ghorofa ya nne isiyo na kiyoyozi, na chupa ilikuwa imekaa siku nne kando ya jiko. Funda moja tu, koo likawaka kama nimekunywa dawa ya kikohozi. Nikamlaani mkulima aliyeniuzia kwa euro tisa.

Nilimwonea. Wiki iliyotangulia nilikuwa kwenye ghala lake la mvinyo karibu na Villié-Morgon, kaskazini mwa Lyon, na kwa baridi ya kule chini nilijuta kuacha sweta. Alinimiminia kidogo, hata robo glasi haikufika. Akazungusha yake, akanusa, akasukutua, kisha pwa! kwenye ndoo. Mimi niliyekuzwa kuamini kwamba kilichoingia kinywani hakitemwi, nikameza aina zote nne. Bahati shemeji ndiye aliyeshika usukani. Wewe ukienda na gari, tema bila haya. Ufaransa kikomo ni gramu 0.5 za pombe kwa lita ya damu.

Zabibu ya kule ni Gamay, na haikuzaliwa na heshima. Mwaka 1395 Philippe le Hardi, mtawala wa Burgundy, aliamuru ing'olewe mashambani mwake. Huku Beaujolais ikastawi. Mashada huingia kwenye tangi mazimamazima. Ya chini hupasuka kwa uzito wa yaliyo juu, mengine huanza kuchachuka yakiwa bado ndani ya ganda. Ndiyo maana mvinyo wake hunukia cheri na una ukakasi mdogo.

Huo ukakasi ndio unaotukimbiza wengi wetu tulioanza na mvinyo mtamu wa Dodoma. Unaujua: ni ule wa bibo, ulimi unakuwa kama umepakwa chokaa. Kwa hiyo anayeanza kunywa mvinyo mwekundu mkavu, yaani usio na utamu, namshauri aanzie hapa, asikimbilie Bordeaux ya bei kubwa.

Itie chupa kwenye friji mpaka mvinyo ufike nyuzi 13 au 14 hivi. Utaambiwa mvinyo mwekundu hunywewa kwa joto la chumbani. Chumba kilichokusudiwa ni cha nyumba ya mawe ya Ulaya enzi za kuota moto, si sebule yako. Pombe ikipata joto hupanda puani na kufunika kila kitu.

Dukani natafuta maneno "Mis en bouteille au domaine", yaani umetiwa chupani palepale shambani, au ile alama ya mtu aliyebeba pipa begani, ya wakulima wanaojitegemea. Ukienda kuonja ghalani mara nyingi hulipi, ila kuondoka mikono mitupu si uungwana.

Chakula? Kuku wa kuchoma, soseji, hata pilau. Samaki wa nazi nilijaribu, kinywa kikabaki na ladha ya kijiko cha chuma.

Ile chupa ya Julai sikuimwaga. Niliirudishia kizibo, nikaisukuma ndani ya friji, nyuma ya maziwa. Kesho yake jioni shemeji alipita, nikammiminia bila kusema neno. Akanusa, akacheka: "Hii si ndiyo ile ya kule ghalani?"