Huduma ya vijana ng'ambo ya mpaka: msaada uanze kwa yule anayebaki nao

Usharika wetu hapa Tanga umekuwa ukishirikiana na kanisa dogo la Likoni, nchini Kenya, katika kuwafikia vijana wa rika la balehe, na kwa kuwa nimo katika kamati inayosimamia ushirikiano huo, mara kwa mara wenzetu wa sharika nyingine huniuliza waanzie wapi. Jibu langu huwa fupi kuliko wanavyotarajia. Kabla ya kufikiria basi la kukodi, fulana zenye maandishi na mkutano wa hadhara, tafuteni ni nani anayekaa na vijana hao kila Jumamosi mwaka mzima, kisha mwulizeni anapungukiwa nini.

Likoni iko kusini mwa kivuko cha Mombasa, hivyo anayetoka kwetu kupitia vituo vya mpakani vya Horohoro na Lunga Lunga huifikia kabla ya kuvuka maji. Familia nyingi tunazozifahamu huko huishi kwa vibarua na biashara ndogondogo, na si ajabu kumkuta mvulana wa miaka 15 aliyekuwa darasani asubuhi akisukuma mkokoteni jioni, au dada yake akiwa ndiye mlezi wa wadogo zake mama anapokuwa sokoni. Mwinjilisti wa kanisa hilo, ambaye posho yake hutegemea sadaka ya wiki, anajua nani hajala tangu jana, nani ameacha shule bila kuwaambia wazazi na nani amehamishiwa kwa mjomba. Mambo hayo mgeni wa juma moja hawezi kuyajua hata awe na kipawa kikubwa cha kuhubiri, na bila kuyajua, mahubiri yake yatapita juu ya vichwa vya watoto. Kumtegemea anayeishi na watu si jambo jipya katika pwani hii. Frere Town, makazi ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa na wamisionari wa CMS, chama cha kimisionari cha Kanisa la Anglikana la Uingereza, karibu na Mombasa mwaka 1875, yaliwategemea sana walimu na makatekista Waafrika waliosomeshwa Nasik, India, ingawa majina yao hayatajwi kama linavyotajwa la Krapf, mmisionari Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844.

Kuhusu fedha, ni vema kila mchangiaji aelewe tangu mwanzo kwamba shilingi laki moja ya Tanzania ikivuka mpaka huwa takriban shilingi elfu tano za Kenya, na kwamba kikundi cha vijana wenye njaa huimaliza haraka. Kwa sababu hiyo, kiasi kidogo kinachofika kila mwezi bila kukosa kina faida kuliko kitita kinachotumwa wakati wa Krismasi. Sisi hugharimia nauli ya mwinjilisti, chai na mahamri ya Jumamosi, kodi ya chumba cha kukutania, taulo za kike kwa wasichana, na mpira unapopasuka. Nakiri kwamba hakuna picha ya kupendeza inayopigwa kwenye nauli, na ndiyo maana wafadhili wengi huikimbia na kukimbilia vinanda na vipaza sauti. Karo ya shule tumeiweka kando kwa makusudi, kwa kuwa ukimlipia mmoja utalazimika kuwaeleza wenzake kwa nini si wao, na yule mwinjilisti ndiye atakayebaki kujibu maswali ya wazazi mlangoni kwake. Panapokuwa na dharura, wazee wa kanisa la huko hutupendekezea jina, nasi hatumchagui mtoto tukiwa Tanga.

Fedha hupokelewa na kanisa, wala hazitumwi kwa mtu binafsi, na hutolewa kwa sahihi za watu wawili, kisha taarifa ya ukurasa mmoja huletwa kila baada ya miezi mitatu. Tusidai risiti ya mahamri. Mama anayekaanga kando ya barabara hana kitabu cha risiti, na kumshurutisha mwinjilisti alete karatasi ya kila kitu ni kumfundisha kughushi. Daftari lililosainiwa na wawili walioshuhudia manunuzi linatosha.

Yapo mambo ambayo jirani hudhani anayafahamu kwa sababu lugha ni moja. Kwetu mirungi imepigwa marufuku na sheria, lakini Kenya mirungi ni zao halali, na muguka, ambayo ni jamii yake ya bei nafuu, huuzwa vibandani. Gavana wa Mombasa alipoipiga marufuku katika kaunti yake mwezi Mei 2024, mahakama ilisimamisha amri hiyo. Mhubiri wa kutoka Tanga akisimama na kuwaita wanaotafuna wahalifu, atakuwa amesema jambo lisilo la kweli mbele ya vijana wanaoijua sheria ya kwao, nao hawatamsikiliza anapofika kwenye Injili. Mwinjilisti wao huzungumzia usingizi unaopotea, fedha zinazoishia kibandani na masomo yanayoporomoka, naye husikilizwa.

Likoni, kama Tanga, ina Waislamu wengi, na watoto wao huja kucheza mpira pamoja na wa kwetu. Msimamo wetu ni kwamba mzazi lazima aambiwe waziwazi kuwa mchezo umeandaliwa na kanisa na kwamba baada yake kuna somo la Biblia, kisha yeye aamue kama mwanawe atabaki. Kumvuta mtoto wa mwenzako kwa chai na kumsomesha dini kwa siri ni hila, na wanaobeba madhara yake ni Wakristo wanaoishi na majirani hao, si sisi tuliokwisha kurudi nyumbani. Mwezi wa Ramadhani chai ya Jumamosi hunywewa ndani.

Kalenda nayo huwatatiza wengi. Shule za Kenya hufunga mwezi Aprili, mwezi Agosti, na kwa muda mrefu mwishoni mwa mwaka, ilhali zetu hufunga zaidi Juni na Desemba. Kambi ya Agosti ndiyo inayowafaa vijana wa Likoni, lakini walimu wetu wanaojitolea huwa darasani wakati huo. Tumeamua kufuata ratiba ya wenyeji na kupeleka watu wachache, badala ya kuwaondoa watoto shuleni mwezi Juni ili wageni wapate nafasi.

Jambo la mwisho ninalolisisitiza, na ambalo sharika hulipuuza, ni umri. Makanisani mwetu neno kijana humchukua hata mtu wa miaka 35, lakini Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 na ile ya Kenya ya mwaka 2022 zote humhesabu aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Msiwalaze wasichana wa miaka 14 katika kambi moja na kwaya ya watu wazima eti kwa kuwa wote ni idara ya vijana. Pawepo walezi wa kike na wa kiume, ridhaa ya mzazi iwe ya maandishi, mtu mzima asibaki na mtoto faraghani, na picha za watoto zisitumwe kwenye makundi ya simu kuomba michango.

Mkikubaliana kuanza, andikeni muda wa ahadi yenu, na kama hamtaweza kuendelea, wajulisheni wenzenu walau miezi sita kabla, ili mwinjilisti apate nafasi ya kutafuta nauli kwingine.