Supu Iwe na Kitu Ndani

Asubuhi za mwezi wa saba hapa Dodoma, upepo ukivuma na baridi imeshika, vibanda vya supu pale Majengo na Sabasaba hujaa mapema. Kuna ya mbuzi, ya utumbo, ya makongoro, na chapati au ndizi pembeni. Naipenda, wala simkatazi mtu. Ninachotaka kusema ni kwamba maji ya supu tumeyapa sifa ambazo si zake, na wanaoumia kwa hilo ni watoto.

Nyumba nyingi ninazozifahamu hugawa hivi: baba nyama, mtoto mchuzi. Mama anauloanisha ugali wa mwanawe kwa mchuzi mwingi akiamini nguvu yote ya nyama imeingia humo. Sivyo. Nyama ikichemka, mafuta, ladha na chumvichumvi hutoka, na mifupa na makongoro hutoa ule ute unaoganda supu ikipoa. Lakini protini nyingi hubaki kwenye nyama yenyewe, na madini ya chuma vilevile. Hata kalsiamu ya mifupa hutoka kidogo mno, uichemshe kutwa nzima. Mtoto anayepewa mchuzi mtupu tumbo linajaa maji. Vipande viwili vidogo vya nyama, vikachambuliwa na kupondwa laini, vinamfaa kuliko bakuli zima la mchuzi. Baba akipunguziwa vipande hivyo viwili hatadhoofika.

Supu ina faida yake, tena kubwa. Mboga zikichemshwa, vitamini C, baadhi ya vitamini B na potasiamu hukimbilia majini. Anayechemsha mchicha akamwaga maji amemwaga sehemu ya alichokinunua, ila supu huliwa na maji yake yote. Humfaa pia mgonjwa aliyepoteza hamu ya kula na mzee ambaye meno hayamsaidii tena. Nilimuuguza baba mkwe wangu mwenye presha, na siku ambazo ugali ulimshinda, supu nzito ya choroko ndiyo iliyopita. Aliimaliza, akaomba nyingine.

Hiyo ya choroko ndiyo naipika mara nyingi, na vitu vyake vyote vinapatikana gengeni. Choroko zichambue, uzioshe, uziloweke usiku. Kuloweka kunaokoa mkaa, na kunapunguza vile viini vilivyomo kwenye mikunde vinavyouzuia mwili kufyonza madini. Asubuhi mwaga maji hayo, weka mapya, injika. Kama una mifupa ya mbuzi yenye nyama nyama, itangulize peke yake jikoni kwa sababu huchelewa kuiva. Choroko zikianza kupasuka, tia kitunguu, nyanya, karoti na bilinganya iliyokatwakatwa. Ponda sehemu ya choroko kwa mwiko ili supu iwe nzito bila unga wowote. Kisha tia karanga zilizotwangwa, au kijiko cha mafuta ya alizeti. Mafuta hayo kidogo yana kazi: vitamini A iliyomo kwenye karoti na majani mabichi haifyonzwi vizuri pasipo mafuta.

Majani yaje mwisho kabisa. Msusa, majani ya kunde, mchicha, lolote ulilopata, likatwe baada ya kuoshwa na wala si kabla, liingie sufuriani dakika chache tu, yabaki na ukijani wake. Epua. Ndipo ukamue ndimu au limao, sufuria ikiwa imeshatoka motoni, kwa kuwa vitamini C haivumilii moto wa muda mrefu.

Ndimu hiyo usiione ni ya ladha tu. Chuma kinachotoka kwenye choroko na majani hufyonzwa kwa shida kuliko kile cha nyama, na vitamini C ndiyo inayokisaidia kuingia mwilini. Chai hufanya kinyume chake. Ndiyo maana nawasihi kina mama wajawazito, na yeyote aliyeambiwa damu yake ni ndogo, wasinywe chai pamoja na chakula. Waiache mpaka saa moja au zaidi ipite. Mezani wanywe maji, au juisi ya ubuyu. Mibuyu imetuzunguka huku kwetu, na unga wa ubuyu una vitamini C mara kadhaa kuliko chungwa. Naongelea ule mweupe wa asili. Ule uliotiwa rangi na sukari unaouzwa kwenye vipakti ni peremende. Na uji wa uwele wenye ubuyu ni kifungua kinywa ambacho sijaona cha kukishinda kwa bei yake. Ubuyu utiwe uji ukishaepuliwa.

Chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na hapo umehesabu vyakula vyote vya siku hiyo. Bakuli moja la supu ya kibandani, ukaongezea chumvi ya mezani, linaweza kuchukua sehemu kubwa ya kiasi hicho kabla jua halijachomoza vizuri. Viungo vya paketi vya kuongezea ladha navyo vimejaa chumvi. Kwa baba mkwe tuliviacha vyote, tukatumia tangawizi, kitunguu saumu, giligilani na ndimu, na baada ya muda nyumba nzima ikazoea. Mwenye gauti, ule ugonjwa wa viungo kuvimba na kuuma, naye apunguze supu ya nyama na ya utumbo, maana inaongeza asidi ya yuriki. Ile ya mboga haimsumbui.

Nisije nikaonekana nasifia supu peke yake. Chakula cha wazee wetu wa Ugogo, ugali wa uwele au mtama kwa mlenda uliotiwa karanga, ni mlo uliokamilika kuliko sahani nyingi za mjini. Uwele una chuma kuliko sembe nyeupe iliyokobolewa, na protini inayopungua kwenye nafaka hujaziwa na karanga au kunde. Kinachonisikitisha ni vijana wanaouona ni chakula cha njaa kwa sababu tu mtama na uwele huvumilia ukame wetu. Nina ombi moja kwa wapishi wa mlenda: magadi yapungue. Yanalainisha na kuleta utelezi, ni kweli, lakini yanaharibu vitamini C na vitamini B1, na yana sodiamu ambayo mwenye presha haihitaji. Unga wa uwele nao usagwe kidogo kidogo, kwani una mafuta na hugeuka mchungu upesi.

Mvua zetu zikiisha mwezi wa nne, mboga mbichi hupanda bei hadi Desemba. Anikaye majani ya kunde na mlenda wa kiangazi ayaanike kivulini penye hewa. Jua kali huondoa rangi, na vitamini A huondoka nayo.

Karanga nazo zichaguliwe kwa macho makali. Mwaka 2016 sumukuvu iliwaua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na ilitoka kwenye mahindi ya kawaida ya nyumbani. Ukungu wake hupenda mahindi na karanga zilizohifadhiwa kabla hazijakauka, na kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo. Karanga iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye uchungu itupwe, asipewe hata kuku. Najua inauma kutupa ulichokinunua. Itupe.

Supu isikae mezani kutwa, hasa kwenye joto la mwezi wa kumi na wa kumi na moja. Ikizidi saa mbili nje, vijidudu vinaanza kuzaliana. Mwenye friji aigawe kwenye vyombo vidogo ipoe haraka, na atakapoipasha aichemshe hadi itokote. Asiye na friji apike ya siku hiyo tu, na choroko zilizolowekwa zikabaki bila kupikwa azifunge kwenye kitambaa safi chenye unyevu, azisuuze asubuhi na jioni. Baada ya siku moja au mbili zitachipua, na zilizochipua zina vitamini C zaidi na huiva upesi. Zioshe tena, zichemshe vizuri kabla ya kula, usizile mbichi.