Sindano ya mgongo haikumuua mdogo wangu, nusura tumuue sisi

Juzi usiku msomaji kaniandikia. Mama yake kalazwa, kichwa kinamuuma wiki ya tatu sasa, shingo imekaza, daktari anataka kumtoa maji ya uti wa mgongo kwa sindano ayapime, na shangazi zake wamegoma. "Dada, nifanyeje?" Nilimjibu, kisha usingizi ukanipaa. Maneno ya hao shangazi niliyasema mimi mwaka 2016.

Mdogo wangu aliingia wodini anatutambua wote. Malaria tulishamtibu mara mbili. Ilipotajwa sindano nikasema hapana, jirani yetu walimtoa maji Ijumaa, Jumapili tukazika. Siku mbili nikakataa kusaini. Siku ya tatu hamjui mama. Nikasaini huku nalia.

Alilazwa ubavu, magoti yakakunjwa hadi kifuani, akapigwa ganzi. Daktari akanionyesha kwa kidole: uti wenyewe, ule uzi wa neva ulio ndani ya mifupa, kwa mtu mzima huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, sindano huingia chini ya hapo, kati ya ya tatu na ya nne. Kumbe kupooza nilikokuhofia miaka yote kulikuwa hofu tu, sindano inapita chini ya uti!

Maji yalitoka kwa kasi, maangavu kama ya kunywa. Nikajua hana kitu. Maabara wakayatia wino mweusi, wakayatazama kwa hadubini, wakaona kuvu aitwaye kriptokokasi, anayeleta homa ya uti wa mgongo. Huwapata zaidi watu ambao VVU imeshusha kinga yao (mwenyewe ameniruhusu kuandika haya). Na kwa vile maji yalikuwa yamejaa presha, yalipopunguzwa kichwa kikatulia. Kesho yake alikuwa anaiulizia mwenyewe ile sindano.

Yu hai. Ila macho hayakurudi sawasawa, na zile siku mbili nazihesabu mpaka leo.

Ndugu zangu, ulizeni! Muulize daktari anatafuta nini: bakteria, TB, kuvu? Je, anahitaji picha ya kichwa kwanza? Kichwa kuuma siku chache baada ya sindano kupo, mwambieni mgonjwa mapema. Lakini msikatae kwa sababu ya jirani. Jirani yetu alifikishwa hospitali hajitambui, ugonjwa ukaua, lawama ikabaki kwa sindano. Nani kati yetu aliwahi kuuliza alikaa nyumbani siku ngapi?

Yule msomaji kaniandikia tena asubuhi hii. Wamesaini. Majibu bado.